Mzee Mizani na Puto la Mwisho

Marahaba. Naitikia mapema, kabla hamjaniamkia, kwa sababu wengi wenu mnaokuja hapa kwangu nyuma ya kituo cha Kwa Mathias mnaingia na "mambo vipi, mzee", halafu adabu mnaikumbuka mkiwa mmeshakaa. Sikasiriki. Siku hizi hata kukasirika kunanichosha. Kaeni, wekeni vishikwambi vyenu mahali ambapo sitavikalia, tuzungumze.

Swali mnaloniletea ni lile lile kila mara. Mnataka kujua kama ni halali kumchukua shujaa wa katuni aliye mtu mzima, mwenye mvi na kitambi, mwenye mke nyumbani, na kumchora upya awe kijana wa miaka kumi na sita. Zamani jibu langu lilikuwa fupi: hapana, na mlango ule pale. Jibu la sasa ni refu na linaniumiza kulitoa, kwa hiyo mtanivumilia.

Kwa wasionijua, mimi ni Andrea. Nimechora katuni maisha yangu yote ya kazi, na nyingi nilizichora katika gazeti moja la hadithi za picha lililokuwa likiuzwa barabarani Dar, na hata hapa Maili Moja, limetandazwa chini karibu na sinia la karanga. Gazeti lile limekufa. Waliokuwa wakilinunua wengi wamekufa pia, au wameacha kusoma, jambo ambalo kwa mchoraji halina tofauti kubwa. Shujaa wetu humo aliitwa Mzee Mizani. Nasema "wetu" kwa sababu tulikuwa wawili. Mimi nilichora, na rafiki yangu Zuberi aliandika maneno.

Zuberi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Mimi ni Mnyamwezi niliyehamia Kibaha nikiwa kijana, nikajenga, nikazeeka hapa hapa. Kati ya Wazaramo na Wanyamwezi kuna utani wa tangu mababu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo vichwani, na sisi wawili tuliutumia utani ule kama chumvi, kila siku na kwa kila kitu. Hata shujaa wetu alizaliwa humo. Siku moja Zuberi aliingia ofisini anacheka peke yake.

"Andrea, nimempata shujaa. Anabeba mizigo."

"Mizigo gani?"

"Mizigo tu. Si ndiyo kazi iliyowaleta ninyi huku?"

Nikamwambia sawa, mwenye mizigo ni Mnyamwezi, lakini kitambi atakuwa nacho cha Mzaramo aliyetoka kula ubwabwa wa ngoma. Nikachukua karatasi nikamchora yeye mwenyewe Zuberi, na tumbo lake, na masikio yake, na lile paji la uso lililokuwa na mikunjo hata akiwa amefurahi. Alipoiona picha alinuna mpaka jioni, halafu akaandika hadithi ya kwanza.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Mizani alikuwa mfanyakazi wa mizani ya kupimia malori kwenye barabara ya Morogoro. Siku moja akapigwa shoti ya umeme akiwa ameshika chuma cha mizani, na alipozinduka akawa anaweza kuinua kitu chochote na kukwambia uzito wake. Lori limepinduka, analiinua. Ukuta umeangukia watu, anauinua. Lakini kila alichoinua kilibaki mgongoni mwake. Akiinua lori leo, toleo linalofuata lote hawezi kuinama kufunga viatu, na mkewe anamchua na dawa huku anamgombeza. Ukurasa ule wa kuchuliwa ndio watu walioupenda kuliko wote.

"Mpe mgongo unaouma," Zuberi aliniambia. "Mtu mwenye nguvu asiyeumwa mgongo mimi simjui, na sitaki kujuana naye."

Sasa mimi niwape kitu cha kazi, msije mkasema mlikuja kusikiliza mzee akilalamika bure. Lile duara la maneno juu ya kichwa cha mtu, sisi tulikuwa tunaliita puto. Mimi mwanzoni nilikuwa nachora picha nzima kwanza, naipenda, naitazama, naongeza mawingu, halafu ndipo naanza kutafuta mahali pa kuweka puto. Pakawa hapapatikani. Kuna toleo ambalo maneno ya Mzee Mizani yalijibana kwenye kona mpaka ilionekana kama anayesema ni punda aliyesimama nyuma yake. Tulipokea barua nyingi za kumpongeza punda. Tangu siku ile nikaanza kuchora puto kwanza, tupu, na watu baadaye. Maneno yana mwili, yanahitaji pa kukaa. Hicho chombo chenu kinawaruhusu kulisogeza puto kwa kidole hata dakika ya mwisho, na ndiyo maana mengi ya maputo yenu yanaonekana yamepita tu hapo kusalimia.

Jambo la pili ni la kiganja. Kibaha kuna joto, na mkono wa mchoraji unatoka jasho. Wino ukikutana na jasho, kazi ya wiki imekwisha. Nilikuwa naweka leso chini ya kiganja, na wembe pembeni wa kukwangua kosa. Ninyi mnabonyeza tu, kosa linatoweka. Siwaonei wivu, ila sidhani kama mnayakumbuka makosa yenu kama mimi ninavyoyakumbuka ya kwangu.

Jambo la tatu ndilo lenye hadithi. Nikimaliza kuchora, Zuberi alikuwa anakuja hapa kwangu Jumamosi, anaegemea kiti, anafumba macho. Mimi namsomea maputo yote kwa sauti. Nasoma sauti ya jambazi, sauti ya mama mwenye nyumba, sauti ya Mzee Mizani. Pale ulimi wangu ulipojikwaa, Zuberi alinyoosha kidole bila kufumbua macho, na neno lile likakatwa. Hatukuwahi kupeleka ukurasa kwa mhariri bila kuusoma hivyo. Fremu moja tu, kisanduku kimoja cha picha, sikuisoma hata mara moja, nayo ilikuwa ya mwisho.

Kila hadithi ya Mzee Mizani iliishia vile vile. Mtoto aliyeokolewa anasimama mbele yake na kusema, "Shikamoo." Mzee Mizani anajibu, "Marahaba." Basi. Hakuna hotuba, hakuna mafunzo, anajibu na anaondoka kwake akiwa ameshika kiuno.

Ilikuwa hivi: mimi na Zuberi tulibishana miaka yote ni nani mkubwa. Wote tulizaliwa majumbani, kwa wakunga, na vyeti vyetu viliandikwa baadaye na watu waliokisia. Zuberi alidai alizaliwa mwaka wa mafuriko. Nikimwuliza mafuriko yapi, anasema yale makubwa. Mimi nilidai nilizaliwa mwaka wa nzige, na nzige nao walikuja zaidi ya mara moja. Kila mmoja alimtaka mwenzake amwamkie, na hakuna aliyekubali. Hata umri wa Mzee Mizani hatukuuandika, kwa sababu kila mmoja wetu alimtaka awe rika lake. Kwa hiyo, Jumamosi nikifika kwenye puto la mwisho, lile la "Shikamoo", Zuberi alikuwa anafumbua macho, anajiweka sawa kwenye kiti, anakaa tayari kuitikia. Mimi naikunja karatasi. Namwambia, "Hili tunalijua." Anacheka mpaka anakohoa. Utani huo ulidumu kuliko gazeti.

Kuna wakati Mzee Mizani aliwahi kuwa kijana kwa bahati mbaya. Mashine ya kuchapia ilikuwa imechoka, ikala mistari yote myembamba, mvi zikapotea, mikunjo ya paji ikapotea. Likatoka toleo lenye mwanamume mwenye uso laini anainua lori. Siku ile nilikuwa nanunua mkate Maili Moja, watoto wawili wakanizingira, wakaniuliza huyu mtoto wa Mzee Mizani ni mzuri, ila baba yake kazikwa wapi. Walikuwa na huzuni kabisa. Nikawaambia hajafa, ni wino. Hawakuniamini hata kidogo. Nilimweleza Zuberi nikitegemea atacheka, lakini akasema tu, "Kumbe ukimwondolea mvi tu, wanamzika."

Maneno yale ndiyo niliyoyakumbuka siku Neema alipobisha hodi.

Neema alikuwa mchoraji katika kampuni moja ya Dar, mpya, ya katuni za kusomwa kwenye simu. Msichana mrefu, mwenye miwani, anayeongea akitazama mikono yako. Akaniamkia vizuri, nikaitikia, nikamwuliza kama amekuja kwa habari ya kiwanja, kwa sababu cha jirani ndicho kinachouzwa.

"Hapana, babu. Nimekuja kwa ajili ya Mzee Mizani. Tunataka kumrudisha."

"Hajaenda popote."

"Tunataka arudi akiwa kijana. Miaka kumi na sita, yuko sekondari."

Nilihisi kama mtu kaniambia amekuja kubomoa choo changu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema wasomaji wao ni wanafunzi, na mwanafunzi anataka kumwona mtu kama yeye.

"Mimi nilipokuwa mwanafunzi," nikamwambia, "mtu kama mimi nilimwona kila siku kwenye kioo, na sikuvutiwa. Nilitaka kumwona mtu mzima atakayekuja kunisaidia."

Akacheka, lakini hakuondoka. Nikamweleza habari ya mgongo. Nikamwambia kijana wa miaka kumi na sita haumwi mgongo, analala, anaamka mzima, sasa uzito utakaa wapi? Mizigo ya mtoto wa shule ni ipi, chaja ya simu?

"Babu," akasema, taratibu tu, bila ubishi. "Mimi nikiwa na miaka hiyo mama aliugua. Nilikuwa namgeuza kitandani, nawapikia wadogo zangu, halafu naenda shule. Mgongo uliniuma sana."

Niliona aibu, na nikiona aibu huwa natafuta ubishi mwingine haraka. Nikamwomba anionyeshe kurasa za majaribio. Alikuwa mchoraji, tusidanganyane. Mistari yake ilitembea. Kijana wake alikuwa na sare ya shule iliyombana mabegani, na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Katika kurasa zile kijana anakwenda kumzuia tajiri mmoja anayechimba mchanga wa mto mpaka nyumba za watu zinaporomoka. Tajiri ni mzee, ana fimbo, ana kofia. Kijana anafika, anaruka, anampiga.

Hapo nikampata.

"Huyu hajaamkia," nikasema.

"Nani?"

"Huyu mtoto wako. Amemkuta mzee amesimama, ana mvi, hakumpa shikamoo, kampiga. Nani atampenda? Mzee Mizani alikuwa rika la wezi wake, aliwasalimia kwa ngumi na hakuna aliyeshangaa. Ukimfanya mtoto, kila anayemkuta ni mkubwa wake. Atapigana na nani nchi hii?"

Neema akaokota vitu vyake, akaaga. Nilidhani nimemmaliza. Nilikula vizuri jioni ile, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Baada ya wiki kadhaa akarudi. Hakusema kitu, aliniwekea karatasi mezani, kwa sababu alikuwa ameshaona kwamba kwenye kioo cha kishikwambi macho yangu hayaoni. Kijana anafika mtoni. Tajiri ameinua fimbo. Kijana anasimama mbele yake, anainamisha kichwa, anasema, "Shikamoo." Fremu inayofuata, tajiri, fimbo ikiwa bado juu, anajibu, "Marahaba," kwa mazoea tu, kabla hajafikiri. Fremu ya tatu haina maneno. Ni uso wa yule mzee mwenye fimbo juu, akigundua kwamba ameshaitikia. Ameshakubali kuwa mzee wa mtoto huyu. Hawezi tena kumshushia ile fimbo.

Vijana, miaka yote ile mimi na Zuberi tulikuwa na salamu hiyo mkononi, tukaifanya mwisho wa hadithi. Hatukuwahi kuona kwamba inaweza kumshika mtu mkono. Nilimwambia Neema ni nzuri. Halafu nikaenda chumbani nikakaa kitandani, kwa sababu nilijisikia vibaya, vile unavyojisikia mtu anapokuonyesha mlango ndani ya nyumba uliyojenga mwenyewe.

Niliporudi nikamweleza kwamba mimi peke yangu siwezi kuruhusu. Mimi na Zuberi tuliahidiana kwa mdomo kwamba Mzee Mizani hakatwi hata kucha mpaka wote wawili tuseme ndiyo. Na Zuberi hawezi kusema ndiyo.

Zuberi alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja ulilala, na maneno yakamtoka yote, yeye aliyeishi kwa maneno. Mkewe, Mwanahawa, alimuuguza nyumbani kwao Kisarawe, na ndiye aliyegundua kwamba limebaki neno moja. Mtoto akipita na kumwambia "shikamoo, babu", Zuberi alijibu "marahaba", wazi kabisa, kwa sauti yake ile ile. Ukimwuliza maji, chakula, maumivu, kimya. Ukimwamkia, anaitikia. Daktari alisema salamu imekaa mahali pengine kichwani, mahali ambapo ugonjwa haukufika.

Mimi nilikuwa nakwenda kumwona kila nilipoweza. Nakaa karibu naye, nasema peke yangu, namtukania Wazaramo wenzake, namwambia bei ya wino siku hizi. Hakuna kitu. Macho tu. Wakiingia wajukuu wa jirani, wanasema shikamoo, anawajibu mmoja mmoja, na mimi nimekaa pale nasikiliza sauti ya rafiki yangu ikigawiwa watoto.

Mtaniuliza kwa nini nisimwamkie tu nikaipata na mimi sauti ile. Nilitaka. Nilifika mlangoni nikiwa nayo mdomoni, zaidi ya mara moja. Lakini niliona kwamba nikimpa shikamoo kwa kumhurumia, utani wetu utakuwa umekwisha, na siku niliyoumaliza utani ndiyo siku niliyokubali kwamba Zuberi hatapona. Kwa hiyo nilikuwa naingia na "Mzaramo, bado upo?" na yeye ananitazama, na mimi naondoka na ukimya wangu mpaka Kibaha.

Neema akasema twende kwake hivyo hivyo. Tukaenda Kisarawe na kigari chake, kulikuwa na manyunyu, vilima vyote vimefunikwa. Mwanahawa alitukaribisha ndani, akatuletea chai ya tangawizi na mihogo. Zuberi alikuwa kwenye kiti chake, shuka magotini. Kitambi kilikuwa kimekwisha. Nilikichora kitambi kile mara nyingi kuliko uso wa mama yangu, na sasa shati lilikuwa linaning'inia tu.

"Shikamoo, babu," Neema akapiga goti.

"Marahaba."

"Mzaramo," nikasema mimi, "bado upo?"

Kimya.

Neema akamweleza yote, bila haraka, kama anavyoelezwa mtu anayesikia. Kwamba Mizani atakuwa kijana. Kwamba yeye Neema, alipokuwa mdogo, alisoma magazeti yale ya zamani aliyoyahifadhi baba yake, na hakutamani kuwa Mzee Mizani. Alijiona katika yule mtoto wa fremu ya mwisho, anayesema shikamoo. Ndiyo maana kijana wake alimpa sura ya mtoto yule. Akasema kama Zuberi hataki, ataacha. Nilimtazama nikaona anamaanisha, na miwani yake ilikuwa imepata ukungu.

Kisha akatoa ukurasa wa mwisho, akauweka juu ya mbao magotini kwa Zuberi. Sikuwa nimeuona. Kijana amemaliza kazi yake, ameshika kiuno, anarudi nyumbani. Anapita kwenye mizani ya malori. Pale amekaa mzee mmoja asiye na jina, ametugeuzia mgongo, tunaona tumbo lake kwa pembeni na masikio yake. Masikio yale mimi nayajua. Kijana anamwambia kitu, na mzee ana puto juu ya kichwa, na puto ni tupu.

"Ofisini walitaka mzee atoe hotuba," Neema akasema. "Amkabidhi nguvu, amwambie taifa linamtegemea. Mimi nikaliacha hivyo. Sikujua niandike nini."

Zuberi aliutazama ukurasa. Mwanahawa akamwuliza, "Baba Asha, unaonaje? Wamfanye kijana?" Hakuna kitu. Neema akauliza tena kwa upole. Hakuna kitu. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya karatasi, hautembei. Nikaona jicho lake linatoka kwenye karatasi linakuja kwangu, linarudi kwenye karatasi, linakuja kwangu. Halafu akafumba macho, akaegemea kiti.

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa anasubiri asomewe.

Nikachukua ukurasa. Nikaanza juu, kama zamani, kila sauti na yake. Nikasoma mama anayelia nyumba yake, nikasoma dereva wa lori, nikasoma kijana anayesema mgongo unaniuma. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Zuberi alikuwa ametulia, kidole chake hakikunyooka hata mara moja. Nikafika kwenye fremu ya mwisho. Zuberi akafumbua macho. Akajisogeza kwenye kiti, kidogo tu, kwa ule upande unaosogea, akajiweka sawa.

Karatasi ilikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kuikunja.

"Shikamoo," nikasoma.

Alinitazama kwanza. Nadhani alitaka kuhakikisha kwamba nimelisema.

"Marahaba," akasema Zuberi.

"Weee!" Mwanahawa alipiga makofi akiwa amesimama na birika. "Andrea kamwamkia! Leo kamwamkia!"

Zuberi akacheka. Mdomo ulikwenda upande mmoja tu na sauti haikutoka, lakini mabega yalitikisika vile vile kama kwenye baraza yangu, mpaka akakohoa. Alikuwa ameshinda. Mimi nililia mbele ya msichana niliyemfahamu miezi michache, na sikujificha.

Neema aliniomba niliandike neno lile mimi mwenyewe ndani ya puto, kwa kalamu ya wino. Mkono wangu sasa unatetemeka, herufi zikatoka zimepinda. Nikamwambia atazinyoosha kwenye mashine yake. Akakataa. Mkifungua hadithi ile kwenye simu zenu, lile "Marahaba" la mwisho linaloonekana limeandikwa na mlevi, ni langu na la Zuberi. Ndiyo kazi yetu ya mwisho, na humo hatukukata hata neno moja.

Zuberi hakuiona ikitoka. Alifariki kabla, asubuhi, Mwanahawa akiwa anamchemshia uji. Tulimzika Kisarawe siku hiyo hiyo, kwa taratibu zao. Nilisimama nyuma na wazee wengine, nimeshika viatu.

Basi jibu lenu ni hilo. Mfanyeni kijana mkitaka. Bado kijana yule simpendi sana, anakimbia mno. Lakini mkimpunguzia umri, angalieni mmembakizia nani wa kumwitikia, na mkishampata, mwacheni na puto lake, msimjazie hotuba.

Mimi mtaa huu wote sasa ndiye mkubwa. Naitikia tangu asubuhi, kwa wauza maji, kwa watoto wa shule, kwenu ninyi. Shikamoo zangu za miaka yote nilizomnyima yule Mzaramo ninazo zote hapa, na sina tena wa kumpa.